Taa nyekundu haitulii, tivii imeganda kwenye rangi za upinde wa mvua: bodi imekufa?

Swali: Shikamoo fundi. Niko Igombe, hapa Mwanza. Nimenunua kwa mtu Raspberry Pi 3 Model B iliyotumika, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, ikaja na memori kadi yake ya GB 32. Nataka niitumie kupima joto la maji kwenye vizimba vya sato vya kikundi chetu. Nimeichomeka kwenye chaja ya simu yangu na kuiunga na tivii. Taa nyekundu inawaka lakini haitulii, ya kijani ilicheza kidogo ikaacha, na tivii ilionyesha rangi rangi kama upinde wa mvua ikabaki hapo hapo. Fundi simu wa huku ameniambia bodi imekufa, niiuze kama skrepa. Ni kweli? Kama siyo, nianzie wapi? Laptopu sina, nategemea kompyuta ya steshenari.

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Usiiuze. Maiti haichori upinde wa mvua.

Zile rangi hazitoki kwenye tivii, zimechorwa na bodi yako. Ukiwasha Raspberry Pi 3, kinachoamka kwanza ndani ya ile chipu ya katikati siyo prosesa, ni sehemu ya picha. Hiyo ndiyo inayokwenda kwenye kadi kutafuta faili liitwalo bootcode.bin, kisha start.elf, halafu inachora ule mraba wa rangi. Baada ya hapo inatafuta keneli, yaani moyo wa mfumo, na kumkabidhi prosesa kazi. Wewe umefika hadi kwenye mraba. Kwa hiyo chipu ni nzima, tundu la waya wa tivii (HDMI) ni zima, tundu la kadi linasoma, na kadi ina angalau nusu ya vinavyotakiwa. Umekwama hatua moja mbele ya hapo, na sababu zinazonijia ni mbili: umeme hautoshi, au mfumo ulio kwenye kadi ni wa zamani ama umeharibika. Kwa jinsi ulivyoeleza, sitashangaa ukiwa nazo zote mbili.

Tuanze na umeme, maana usiporekebisha huo, kila utakalofanya baadaye litakudanganya.

Umesema taa nyekundu haitulii. Hilo ndilo neno la maana kuliko yote kwenye barua yako. Watu huichukulia ile taa kama taa ya redio, kwamba ikiwaka basi umeme upo. Kwenye Model B ya namba 3 taa hiyo imeungwa na kitu kinachochunga volti. Volti zikishuka chini ya 4.63 hivi, inazima, zikipanda, inawaka. Ukiiona inacheza, bodi inakwambia kuwa inakunywa kwa mrija ulioziba.

Na mara nyingi mrija wenyewe siyo chaja, ni waya. Chukua waya wa chaja wa kawaida wa mita 2, wenye nyuzi nyembamba za namba 28. Kila mita ya uzi huo ina ukinzani wa karibu omu 0.21. Umeme unakwenda mita 2 na kurudi mita 2, kwa hiyo hesabu ni mita 4, yaani omu 0.85. Pi ikivuta nusu ampea tu, volti 0.43 zinapotelea njiani. Chaja inatoa 5 kwa uaminifu kabisa, Pi inapokea 4.57, na taa inazima. Simu haijali, itachaji polepole na wala hutajua. Pi haina betri ya kuvumilia, kwa hiyo inaganda papo hapo, hasa wakati wa kuwaka, ambapo prosesa inaamka na kuvuta zaidi.

Sasa chukua waya wa mita 1 wenye nyuzi za umeme za namba 24. Ukinzani wa kwenda na kurudi ni omu 0.17, na kwa mvuto uleule unapoteza chini ya volti 0.1. Namba hizi huwa zimechapwa kwenye ganda la waya kwa maandishi madogo, mfano 28AWG/1P+24AWG/2C. Ya pili ndiyo ya nyuzi za umeme. Kumbuka namba ikipungua, waya umenenepa. Waya usio na maandishi yoyote mimi siununui kwa kazi hii, hata uwe na rangi nzuri kiasi gani.

Kwenye chaja soma mstari wa 5V peke yake. Pi 3 ilitengenezewa adapta ya volti 5.1 na ampea 2.5. Kwa kazi yako, isiyo na kibodi wala fleshi nyingi, chaja ya kweli ya 5V 2A itakutosha. Usiogope chaja za kuchaji haraka zenye 9V; hizo volti 9 hutolewa pale kifaa kinapoziomba, na Pi 3 haijui kuziomba. Ila usiichomeke kwenye tundu la USB la tivii. Mengi yanatoa nusu ampea na hapo utarudi kulekule. Na kama ulishawahi kugusanisha nyaya bodi ikazima kabisa, iache ipoe kabla hujaizika. Karibu na tundu la chaja kuna fyuzi inayojirudi yenyewe, japo wakati mwingine huchukua saa kadhaa.

Niliwahi kubadilisha kadi tatu kwa wiki nzima nikitafuta ugonjwa wa bodi moja, kumbe waya niliokuwa nautumia ndio nilioutoa kwenye spika ya watoto. Tangu hapo waya wa Pi una kikaratasi chekundu na hakuna anayeruhusiwa kuchajia simu.

Tuje kwenye kadi. Toa mfumo uliokuja nayo, usihangaike kuutibu. Pi 3 ilitoka tarehe 29 Februari 2016, miaka minne kamili baada ya Raspberry Pi ya kwanza kabisa kutolewa na wale watu wa Cambridge, Uingereza, waliotaka watoto wajifunze kuandika programu kwenye kitu cha bei nafuu. Kadi iliyoandaliwa kwa ajili ya bodi ya kabla ya hapo haina keneli inayoijua Pi 3, na matokeo yake ni hayohayo uliyoyaona: mraba wa rangi, basi. Hujui kadi yako imepita mikono mingapi.

Pale steshenari pakua programu iitwayo Raspberry Pi Imager. Chagua kifaa Raspberry Pi 3, kisha mfumo Raspberry Pi OS Lite wa biti 32. Lite haina madirisha wala picha za kubofya, na ndiyo unayoitaka. Bodi yako ina RAM ya GB 1, na kazi ya kusoma joto haihitaji mapambo. Bando pia litashukuru, maana Lite ni karibu nusu ya GB. Kabla ya kuandika, Imager itakuuliza kama unataka kuweka mipangilio. Kubali. Weka jina la mtumiaji na nywila yako, jina la hotspoti ya simu yako na nywila yake, nchi TZ, saa Africa/Dar_es_Salaam, na uruhusu SSH ili uweze kuingia kwa simu. Maelekezo ya zamani mtandaoni yatakwambia uingie kwa jina pi na nywila raspberry. Hayo yaliondolewa Aprili 2022, usipoteze mchana wako. Na kwa kuwa kompyuta siyo yako, ukimaliza rudi ufute mipangilio hiyo, kwa sababu Imager huikumbuka. Vinginevyo mteja wa baada yako ataikuta nywila ya simu yako imemsubiri.

Hapa ndipo wengi huharibu kazi iliyokwisha kukamilika. Baada ya kuandika, ukichomoa kadi na kuirudisha, Windows itakuja na ujumbe kwamba diski haisomeki, inataka kuifomati. Kataa. Kadi sasa imegawanywa vipande viwili, na kile kikubwa kimeandikwa kwa mtindo wa Linux ambao Windows haiusomi. Utaona kipande kidogo tu cha MB mia chache, na dada wa steshenari anaweza kukuambia kwa huruma kuwa kadi yako ya GB 32 imeharibika. Haijaharibika. Ukikubali kufomati, unaanza upya na bando limekwenda.

Imager huhakiki ilichoandika. Ikikwambia uhakiki umeshindikana, jaribu kisoma kadi kingine kwanza, halafu kadi nyingine. Ila uhakiki huo haukamati kadi feki. Kadi feki ya GB 32 inaweza kuwa na GB 8 za kweli tu ndani. Lite itaingia vizuri, itafanya kazi wiki kadhaa, kisha data zikifika mwisho wa zile za kweli inaanza kujiandika juu yake yenyewe. Dawa ni programu ya H2testw kwenye Windows au f3 kwenye Linux, zinazoijaza kadi yote na kuisoma tena. Zinachukua muda mrefu, kwa hiyo usizifanyie steshenari wanakokulipisha kwa dakika. Muombe mtu laptopu ya usiku.

Ukiirudisha kadi kwenye bodi, isukume taratibu hadi ifike mwisho. Usingoje mlio, tundu la Pi 3 halina springi kama la Pi 2, na nimeona watu wakisukuma hadi linapasuka. Washa, uangalie taa ya kijani. Isipowaka hata kidogo, kadi haisomeki kabisa. Ikipepesa mara 7, ikapumzika, ikarudia mara 7, keneli haikuonekana, rudia kuandika kadi. Ikichezacheza bila mpangilio, hiyo ndiyo afya. Mara ya kwanza mfumo hujitanua kwenye kadi yote na kujizima na kujiwasha wenyewe, kwa hiyo mpe dakika kadhaa na usiguse waya hata kama tivii iko kimya.

Kama umefika hapa kwa waya mnene, chaja nzuri na kadi mpya, na taa ya kijani bado imelala, jaribu kadi ya mtu mwingine ambayo unajua inafanya kazi. Ikishindikana na hiyo, ndipo nitakaa upande wa fundi wako.

Bodi ikiwaka lakini isionekane kwenye hotspoti, tazama simu. Pi 3 inasikia waifai ya GHz 2.4 tu. Simu nyingi za sasa zina mahali pa kuchagua mkondo wa hotspoti, na ikiwa umewekwa kwenye GHz 5 bodi haitaiona milele. Sababu ya pili ni nchi. Usipoweka TZ, mfumo unaifunga waifai mpaka uambiwe uko wapi, kwa sababu kila nchi ina masharti yake ya mawimbi.

Laptopu haikuhusu tena kuanzia hapa. Weka Termux, programu ya kuandikia amri, kwenye simu, andika pkg install openssh, na simu hiyohiyo inayotoa hotspoti inakuwa kioo na kibodi cha Pi. Namba ya anwani utaiona kwenye orodha ya vifaa vilivyojiunga. Simu isipoionyesha, azima kibodi ya USB, ingia kupitia tivii na uandike hostname -I. Kisha kwenye Termux:

ssh jinalako@anwani

Ukishaingia, kabla ya lolote, iulize bodi kuhusu umeme:

vcgencmd get_throttled

Jibu la 0x0 ni la furaha. 0x50000 maana yake umeme uliwahi kupungua tangu ilipowaka, na bodi ikalazimika kujipunguzia kasi. 0x50005 maana yake unapungua sasa hivi unavyosoma. Hapo rudi kwenye waya, usiendelee.

Sensa. Tafuta DS18B20 ile iliyofungwa ndani ya kifuko cha chuma, yenye waya mrefu na isiyoingiza maji. Waya mwekundu uende pini 1, ambayo ni volti 3.3, mweusi pini 6, wa data, kwa kawaida njano, pini 7. Kati ya wa data na mwekundu weka rezista ya kilo-omu 4.7, yenye mistari ya njano, zambarau na nyekundu. Usiwe na haraka na pini 2 iliyo jirani na pini 1, hiyo ni volti 5. Pini za data za Pi zinavumilia 3.3 tu, na hapa ndipo bodi hufa kweli. Mimi nimeua moja kwa bisibisi iliyoteleza. Unganisha ikiwa imezimwa, kila mara.

Fungua faili la /boot/firmware/config.txt kwa nano, programu ya kuhariri maandishi, ongeza mwishoni mstari dtoverlay=w1-gpio, washa upya, kisha:

cat /sys/bus/w1/devices/28*/w1_slave

Mstari wa kwanza uishie na YES, wa pili na kitu kama t=25312, yaani nyuzi 25.3. Folda la 28 lisipokuwepo, umesahau rezista au umegeuza nyaya. Ukiona 85000, ziwa halichemki. Hiyo ndiyo namba ambayo sensa huamka nayo kabla haijapima, na ikirudi kila mara basi waya wa umeme wa sensa umelegea.

Uzuri wa sensa hii ni kwamba unaweza kufunga kadhaa kwenye waya mmoja, kila moja ina namba yake. Kwa vizimba nakushauri ufunge mbili: moja nusu mita chini ya uso wa maji, ya pili usawa wa chini ya wavu. Joto peke yake halikuambii kama samaki wanapumua, kinachowaua ni hewa ya oksijeni kupungua. Lakini tofauti ya juu na chini ina habari. Siku nyingi maji ya juu yatakuwa na joto zaidi. Ukiona ghafla yote mawili yamekuwa baridi na upepo unavuma, hasa ile miezi ya Juni hadi Agosti ambapo upepo wa kusini unalichanganya ziwa, yawezekana maji ya chini yenye oksijeni kidogo yamepanda. Hapo punguza chakula na muende mkaangalie, msingoje samaki waanze kuelea.

Sasa mambo mawili ambayo Pi 3 haina na utayajutia usipoyajua mapema. Haina saa yake. Umeme ukikatika usiku na hotspoti haipo, ikiwaka itaendelea na saa iliyoikumbuka mwisho, na vipimo vyako vya alfajiri vitaandikwa kuwa vya saa mbili usiku. Moduli ndogo ya saa iitwayo DS3231, yenye betri ya kidonge, inamaliza hilo. Ilishe volti 3.3, na kwenye config.txt ongeza dtoverlay=i2c-rtc,ds3231. Vilevile haina swichi ya kuzimia. Kuchomoa waya wakati inaandika ndiyo njia ya haraka ya kuua kadi, kwa hiyo zima kwa sudo shutdown -h now, na usubiri taa ya kijani itulie. Kwa kuwa umeme hautakuomba ruhusa ukikatika, ikishakaa sawa ingia sudo raspi-config, kwenye sehemu ya utendaji, uwashe Overlay File System. Kadi itabaki ya kusoma tu. Vipimo viandike kwenye fleshi ya USB, maana vilivyoandikwa kwenye kadi baada ya hapo hupotea ikizimwa.

Ukitaka kutumia sola, piga hesabu kabla ya kununua. Weka wati 2 kwa wastani. Kwa saa 24 ni wati-saa 48. Betri ya volti 12 na ampea-saa 7, zile za UPS, ina wati-saa 84 kwenye karatasi, lakini za risasi hazipendi kunywewa zaidi ya nusu. Zimebaki 42. Haifiki siku moja, na bado hujaweka hasara ya kishusha volti cha kutoka 12 kwenda 5. Chukua kubwa zaidi, au ufanye kama ningefanya mimi: acha Pi ukutani kwenye ofisi ya kikundi, uvute sensa kwa kebo ya mtandao kama kizimba kiko mita 20 au 30 kutoka nchi kavu. Vizimba vikiwa mbali zaidi, ESP32, bodi ndogo zaidi yenye waifai, juu ya boya itakufaa kuliko Pi. Inakula umeme kidogo sana, na ikianguka majini hutalia sana. Pawabenki siipendi kwa kazi hii, nyingi hukata umeme kwa sekunde moja unapochomeka au kuchomoa chaja, na sekunde hiyo inatosha kuzima kila kitu.

Kuhusu boksi, unajua mwenyewe wale wadudu wa ziwani wanaopanda juu ya maji kama moshi. Boksi langu la kwanza nililitoboa matundu mengi ili hewa ipite, nikaliacha chini ya taa ya kibaraza. Asubuhi lilikuwa limejaa hadi huioni bodi. Tumia boksi la plastiki la fundi umeme, toboa tundu moja upande wa chini, lizibe kwa kipande cha chandarua, pitisha nyaya zikiwa zimelegea kuelekea chini ili maji ya mvua yadondoke kabla ya kuingia. Na liweke mbali na taa.

Anza na waya kesho, uniandikie get_throttled imetoa nini.